Afya Yako: Maumivu ya kiuno na mkao wa mwili unaopumzika

Akina mama wa Nyasura, mjini Bunda, wanayajua vizuri maumivu ya kiuno. Msimu wa kilimo mtu huinama na jembe la mkono tangu asubuhi, akirudi anainama tena kufua na kuosha vyombo. Usiku hujinyoosha chali kama gogo akidhani ndiyo kupumzika, na Alfajiri kunyanyuka kwa ajili ya swala kunakuwa tabu. Fundi cherehani na dereva wa bodaboda nao hulalamika hivyo hivyo. Je, Mwenyezi Mungu (s.w.) ameuumba mwili upumzike katika mkao gani?

Jibu moja lilionekana mbali kabisa na ardhi. Mwaka 1973 na 1974 wanaanga wa Marekani waliishi katika chombo kiitwacho Skylab kilichokuwa kikiizunguka dunia. Humo mtu huelea, wala mwili hauelemewi na uzito wake. Walipojilegeza kabisa, hawakunyooka wima wala kukunjika kama mtu aliyekaa kitini. Magoti na nyonga vilikunjika kiasi, paja na kiwiliwili vikiacha pembe ya nyuzi 128 hivi. Shingo iliinama kidogo na mikono ikaelea mbele ya kifua. Sababu ni kwamba misuli ya mbele na ya nyuma, ikikosa mzigo, huvutana mpaka ikalingana nguvu.

Tunajifunza nini?

1. Mwenye maumivu ya mgongo akilala chali, aweke mto chini ya magoti. Akilala ubavu, akunje magoti kidogo na kuweka mto au kanga iliyokunjwa katikati yake. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kulalia ubavu wa kulia, na akakataza kulala kifudifudi.

2. Mjamzito aliyefikisha wiki 28 asianze usingizi akiwa chali. Mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na utafiti umehusisha ulalaji huo na mtoto kufia tumboni. Alalie ubavu, wa kulia au wa kushoto. Akizindukana yuko chali, asiogope, ageuke tu.

3. Kupumzika si kulala kutwa. Wanaanga hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku, kwani mifupa isiyobeba uzito hupungua. Mwenye kiuno atembee na afanye kazi nyepesi. Jembe liwe na mpini mrefu, na beseni la kufulia liwekwe juu ya meza au kigoda badala ya chini.

Na swala je? Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, daktari wa mifupa kutoka Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikwenda kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo: asipoweza kusimama, akae, asipoweza kukaa, alale. Msingi wake ni wa siku nyingi. Imran bin Huswain (r.a.), aliyekuwa akiugua bawasiri, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, naye akamjibu kwa mpangilio huo huo. Basi mzee wetu ambaye mgongo umemshinda asione haya kuswali juu ya kiti, na vijana wasimtazame kwa jicho baya. Lisilofaa ni kuiacha swala kwa sababu ya kiuno, au kujiumiza kwa kuona aibu.

Wahi hospitali haraka ikiwa maumivu yanaambatana na miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, haja kutoka bila kujijua au mkojo kuziba. Nenda pia ukiwa na homa, kukonda au kikohozi cha wiki mbili, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Usimalize miezi ukichuliwa na kumeza vidonge vya dukani.

Mwili ni amana, na tutaulizwa tulivyoutunza. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.