Mgeni Halipi Kuona Visiki
Wakulima wa Garissa, je, mtu wa mjini atalipa pesa ili alale porini? Naam, hulipa. Huko Il Ngwesi, Laikipia, wafugaji wa Kimasai walifungua nyumba ya wageni iliyo mali yao wenyewe mwaka 1996: vibanda sita vya miti na nyasi, na taa za nguvu za jua. Mgeni hulala Jumamosi akitazama wanyama wakinywa maji. Jumapili huondoka, pesa zake zikabaki kusaidia jamii.

Kwetu Ishaqbini, mwaka 2012, hirola 48 walizungushiwa ua ili walindwe. Asili yao ni mpakani mwa Kenya na Somalia tu. Basi mali tunayo. Kabla ya kukata mti wa makaa, piga hesabu kwanza: gunia huuzwa mara moja, kivuli hulipwa kila mwaka.