Kasoro Inayokuja na Kwenda

Amplifaya ni chombo kipokeacho umeme mdogo kutoka maikrofoni au redio, kikaupa nguvu hata uweze kuitikisa spika, na sauti ikasikika mbali. Chombo hiki kikifa kabisa, kazi ya fundi si ngumu sana, maana palipokatika hapabadiliki. Atapima hatua kwa hatua mpaka apaone. Lakini iko kasoro isumbuayo hata mafundi hodari, nayo ni ile inayokuja na kwenda. Sauti hukatika katikati ya mkutano, kisha hurudi yenyewe. Chombo kikipelekwa kwa fundi, chaimba vizuri kana kwamba hakijaugua kamwe.

Jambo hili lafanana na malaria. Homa hupanda, kisha hushuka, na mgonjwa hudhani kwamba amepona. Kumbe vijidudu vimo bado mwilini mwake. Daktari mwenye akili hatazami homa peke yake, bali hupima damu. Vivyo hivyo fundi hana budi kutafuta asili ya kasoro.

Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni lehemu iliyopasuka. Chombo kikiwashwa hupata moto na sehemu zake hutanuka, kila moja kwa kipimo chake, kikizimwa hunywea. Baada ya miaka mingi, lehemu hufanya ufa mwembamba kama unywele. Kikiwa baridi, pande za ufa hugusana na umeme hupita. Kikipata moto, huenda zikaachana. Ndiyo maana chombo huweza kusema vema nusu saa, kisha kikanyamaza. Sababu ya pili ni kutu na vumbi katika soketi, plagi na kitufe cha kuzungushia sauti. Ya tatu ni waya uliokatika ndani ya ganda lake, hasa karibu na plagi, mahali unapokunjwa kila siku.

Basi, fundi afanyeje? Kwanza huuliza: kasoro hutokea lini? Chombo kikiwa baridi, au kikiwa moto? Kikitikiswa? Kisha hubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: leo waya wa maikrofoni, na kasoro ikibaki, ndipo abadili waya wa spika. Akibadili viwili pamoja, hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

Tena hukizungusha kitufe cha sauti. Mkwaruzo ukipungua pamoja na sauti, kasoro iko kabla ya kitufe. Ukibaki vile vile, iko baada yake. Kwa njia hii nusu ya chombo huachwa, na kazi hupungua. Mwisho, fundi aliyefunzwa hufungua kifuniko na kugonga sehemu moja moja polepole kwa kijiti kikavu, au huzipuliza kwa hewa ya moto, kisha ya baridi. Kasoro ikitokea kila aguswapo yule yule, mwizi amekamatwa.

Lakini ninyi wanafunzi msifungue amplifaya kamwe. Ndani yake mna kapasita, nazo huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Katika amplifaya za vali, umeme huo mara nyingi huzidi volti 300, nao waweza kumwua mtu. Kazi yenu ni kuchunguza nyaya za nje, na kuzibadili chombo kikiwa kimezimwa.

Wako watu ambao chombo kikinyamaza, hukipiga kofi. Sauti ikirudi, hufurahi na kusema kimepona. Sivyo. Pande za ufa zimegusana tu, na kofi la kesho litaupanua zaidi. Fundi mwaminifu hajidanganyi hivyo. Kwanza huiita kasoro mpaka ije mbele yake, kisha huitengeneza, kisha hukijaribu chombo kwa joto lile lile na mtikiso ule ule. Isipokuja tena, ndipo amrudishiapo mwenyewe mali yake. Kasoro iliyoondoka pasipo kujulikana sababu yake haijatengenezwa, bali imejificha. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.