Je, Mafuta Yaliyonyonywa Hurudi?

Muhula uliopita kulikuwa na ubishi bwenini ambao haukuisha hadi taa zikazimwa: eti mtu akinyonywa mafuta ya tumbo hospitalini, hanenepi tena maishani. Mimi nashikilia kwamba hunenepa.

Upasuaji huu, yaani laiposaksheni, ulianzia Italia na Ufaransa miaka ya 1970. Daktari hupenyeza mrija mwembamba chini ya ngozi na kuyavuta mafuta pamoja na seli zinazoyahifadhi. Seli zikishatoka, zimetoka. Hapo wenzangu walisema kweli.

Lakini hebu fikirieni maghala ya mahindi na mbaazi kule Makueni. Ukibomoa ghala moja kati ya matatu, kisha mvua inyeshe vizuri, je, utayaacha mavuno shambani? Thubutu! Utayashindilia mawili yaliyobaki. Mwili nao ni vivyo hivyo: chakula kinachozidi mahitaji yake lazima kiwekwe mahali, basi seli zilizosalia huvimba. Wafugaji wa Kitui wanaijua hali hii kwa kondoo wa mkia mnene. Majani yakiwa tele mkia hunona, kiangazi kikija hunywea. Ni akiba tu.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha uchunguzi uliohusu wanawake 32. Baadhi walinyonywa mafuta mapajani, nyongani na chini ya tumbo, wengine hawakuguswa. Baada ya wiki 6 tofauti ilionekana wazi. Baada ya mwaka mmoja, jumla ya mafuta mwilini ilikuwa karibu sawa na ya wenzao! Mapaja yalibaki membamba, ila tumbo ndilo lililonenepa upya. Jamani, si ni kuhamisha mzigo tu?

Tena mrija huo haufiki kwenye mafuta ya ndani, yale yanayozunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na ugonjwa wa moyo. Hatari nayo ipo. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa aina hii, na kliniki ikafungwa.

Madaktari wenyewe husema kwamba hii ni njia ya kurekebisha umbo, wala si tiba ya unene. Anayeutaka hushauriwa kwanza apunguze uzito kwa chakula na mazoezi, yaani kazi ileile aliyokuwa akiikimbia.