Je, Wajua? Swali moja, kura mbili

Kidude cha kupigia kura darasani hakifundishi chenyewe; kinachofundisha ni mabishano yanayofuata kura. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza mwaka 1991 kuwapa wanafunzi swali la kuchagua jibu, kila mmoja apige kura bila kushauriana. Waliopata jibu sahihi wakiwa kati ya asilimia 30 na 70 hivi, hatoi jibu: huwaambia wamgeukie jirani mwenye jibu tofauti, wabishane dakika mbili tatu, kisha wapige kura upya. Mara nyingi waliopata huongezeka. Sababu ni kwamba aliyeelewa sasa hivi bado anakumbuka palipomkwaza; profesa alishasahau zamani! Huna vidude? Kadi za A, B, C na D zatosha, mradi ziinuliwe kwa pamoja, wachunguliaji wasipate nafasi.