Siku Tenki Letu Lilipodidimia

Hadithi njoo, uongo njoo. Hivyo ndivyo tunavyoanza siku zote, lakini leo uongo ubaki nje ya mlango, wajukuu zangu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Nzuguni, na ushahidi wake umesimama nyuma ya nyumba.

Kwanza niwaulize: kwa nini mji wetu unaitwa Dodoma? Wazee husimulia kwamba tembo alishuka kunywa maji, akakanyaga tope, akazama, asitoke tena. Aliyemwona akapaza sauti kwa Kigogo, "Idodomya!" Yaani, amedidimia. Wengine wana simulizi yao: Wagogo waliwaibia Wahehe ng'ombe, wakala nyama, wakabakiza mikia na kuichomeka kwenye tope. Wenye mali walipofika wakaonyeshwa ile mikia: ng'ombe wenu hao, wamedidimia. Mimi naipenda hii ya pili kwa ujanja wake. Ila iliyonipata ni ile ya tembo.

Tembo wangu alikuwa tenki la maji, jeusi, la lita 2,000.

Mnaujua mgao wa maji. Bomba linatoa leo, kesho linakohoa hewa tu. Nyumba zinazidi kuongezeka tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016. Huku kwetu pakaja stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai, na pale ambapo zamani palichangamka zaidi wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, sasa pana watu mwaka mzima. Kwa hiyo kila mwenye nyumba anataka tenki, tena liwe juu, ili maji yateremke yenyewe hadi jikoni na bafuni.

Nilikwenda kwa fundi, akanitajia bei ya kujenga mnara wa tenki. Nikaguna. Nikarudi nyumbani nikijisemea moyoni: kwani mimi nina mikono ya mapambo?

Msinicheke. Nilikuwa na sababu. Mwaka ule nilikuwa nimepaka rangi sebule nzima peke yangu, na bibi yenu alilalamikia kona moja tu. Nilikuwa nimebadilisha bawaba za mlango wa jiko na kushona upya nyavu za madirisha. Bomba la uani lilipokuwa likidondosha maji usiku kucha, nilifunga valvu, nikalifungua, nikatia washa mpya, likanyamaza. Nikavimba kichwa. Nikajiona fundi.

Nikanunua tofali za kuchoma, nikajenga nguzo nne pale kwenye kona ya bondeni, nikalaza mbao juu. Msingi? Nilichimba mpaka nilipochoka, nikasema unatosha. Vijana wawili wa jirani wakalinyanyua tenki tupu kwa urahisi, wakaliweka juu. Likasimama wima kama askari. Nikaita watu waje kuona.

Sasa chukueni kalamu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita 2,000 ni kilo ngapi? Ndiyo, tani mbili, kama magari mawili madogo mnayoyaona yakibeba abiria pale stendi, moja juu ya jingine. Mimi hesabu hiyo sikuipiga. Nilikuwa nimepima uzito wa tenki, sikuwa nimepima uzito wa maji. Na kwa kuwa mgao ulikuwa mkali, wiki zile za kwanza tenki halikuwahi kufika hata nusu.

Halafu Desemba ikaja na mvua zake. Kona ile ya uwanja wetu ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi hadi kandambili inatumbukia. Udongo huo una tabia mbaya: ukikauka husinyaa, ukinywa maji huvimba na kulainika. Nyumba iliyosimama juu yake bila msingi mzuri huinuliwa na kushushwa kila mwaka, kidogo kidogo, na ndipo mnapoona ufa unapanda kwenye kona ya dirisha kama ngazi. Ukiziba ufa huo kwa plasta na rangi, mwakani utaukuta palepale, kwa sababu ugonjwa uko chini ya ardhi.

Usiku mmoja maji ya bomba yakaja kwa nguvu. Nikalala nikisikia tenki likijaa, na sauti ile ikanibembeleza. Alfajiri bibi yenu akatoka kuwasha moto. Nikamsikia kimya, kimya kirefu, kisha akaita kwa sauti ya chini, "Idodomya."

Nguzo moja ilikuwa imezama kiasi cha kiganja. Mbao zimepinda, tenki limeinama kuelekea kwenye kile kivuli ambapo ninyi mlikuwa mkicheza rede kila mkirudi shule. Hapo ndipo magoti yaliponiishia nguvu. Tukafungua bomba la chini, maji yote yakaenda shambani kwa jirani, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupita upande ule.

Nikarudi kwa fundi. Bei ilikuwa ileile, ila sasa ikaongezeka gharama ya kubomoa.

Nataka mumwone fundi yule akifanya kazi, maana hapo ndipo nilipojifunza. Hakuanza na tofali. Alianza kwa kuzunguka uwanja, akachukua udongo, akaulowesha mate, akaufinyanga kama tonge la ugali. Akasema tuhame kona ile, twende upande wa juu wenye udongo mwekundu. Hata huko akachimba kwa sururu mpaka sururu ikagonga ardhi ngumu na kutoa mlio. Akafunga nondo, akachanganya zege: kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga, vinne vya kokoto, na maji kwa uangalifu, kwa sababu zege lenye maji mengi humwagika vizuri lakini likikauka huwa dhaifu. Kisha akaniambia, "Mzee, lipewe maji kila siku kwa siku saba, na tenki lisijazwe kabla ya siku 28."

Siku 28! Nikamwona ananichelewesha. Kumbe saruji haikauki tu kama nguo kwenye kamba. Inakula maji na kukomaa, na mafundi wa dunia nzima hupima nguvu ya zege katika siku ya 28. Kwa hiyo kila jioni mlinikuta na ndoo, nanywesha jiwe.

Mtu anaweza kuniambia: mbona babu yako alijenga tembe bila kumwita mtu? Kweli. Alisimika nguzo zenye panda, akalaza miti, akaweka matawi na nyasi, akamalizia na udongo juu, paa bapa la kuanikia mtama. Lakini alianza kubeba miti ya tembe akiwa mdogo kuliko ninyi. Alijua mti upi mchwa hawaupendi na upi utaoza. Paa likivuja, alipanda akaongeza udongo. Babu yangu hakujenga bila fundi. Fundi alikuwa yeye.

Mimi tofauti yangu na yeye ni hii: nilizoea kazi inayoonekana tu. Rangi nilikuwa ninaiona. Ningekosea, kosa lingekuwa ukutani mbele ya macho, nalirudia Jumamosi. Msingi ukishafukiwa, hakuna anayeuona tena hadi siku unapokudai. Waya ndani ya plasta ni vivyo hivyo. Bomba chini ya sakafu ni vivyo hivyo. Siku hizi nikitaka kushika kazi yoyote ya nyumba, najiuliza kosa langu litajificha wapi na litamwangukia nani.

Mnara ulipokwisha, nilitaka pampu ndogo ya umeme. Nikamwambia fundi yule, "Malizia basi, ni waya mbili tu." Akacheka. "Hiyo si kazi yangu, mzee." Akampigia simu mwenzake wa umeme. Nilimheshimu zaidi kwa neno hilo kuliko kwa zege lake. Yule tunayemwita fundi maiko hana kazi asiyoiweza: leo mwashi, kesho bomba, keshokutwa anapanda kwenye dari na koleo kushika waya wa umeme wa volti 230.

Kwa umeme sina mjadala na mtu. EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, hutoa leseni kwa mafundi umeme, kwa madaraja, nawe una haki ya kuomba kuiona. Fundi aliyekuja alizima swichi kuu, kisha bado akapima kwa testa kabla ya kugusa. Akaweka na waya wa ethi, ule ambao wengi huuruka kwa kuwa taa huwaka hata bila huo. Ghorofa nalo lina sheria zake: kibali cha jiji, mhandisi na mkandarasi aliyesajiliwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakafa.

Kwa uashi, karatasi siyo kila kitu. Yupo fundi aliyejifunza kwa kubeba karai miaka kumi, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, siku hizi hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi wa namna hiyo, wakapata cheti. Mimi nina mtihani wangu: namwomba anionyeshe kazi aliyoifanya mwaka juzi. Kazi ya juzi kila mtu inampendeza. Nataka ile iliyopitiwa na mvua zetu, Desemba hadi Aprili, mara mbili. Na fedha simpi zote siku ya kwanza, hata awe na maneno matamu kama asali ya Manyoni.

Kabla ya kuondoka, fundi wa mnara alichukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji, ncha moja akaishika kwenye mnara, nyingine akanipa mimi ukutani mwa nyumba. Maji hujisawazisha yenyewe pande zote mbili. Yalipotulia, akachora mstari wa penseli kwake, nami nikachora kwangu. Mnara ukizama hata kidole, mistari haitalingana.

Mvua za mwaka huu zimekwisha. Wewe mkubwa, kalete mpira; wewe, jaza maji, na hakikisha hakuna viputo vya hewa ndani. Bibi yenu ameshatangulia nyuma ya nyumba.