Mashamba ya Mawe ya Engaruka

Ukitoka Mto wa Mbu, Mkoa wa Arusha, ukashika njia ya kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa unakuwa mkono wako wa kushoto. Mkono wa kulia ni mbuga kavu, na kiangazi ni vumbi tupu. Boma moja liko hapa, jingine kule mbali. Kabla ya kuufikia Oldoinyo Lengai, mlima wa moto uliolipuka mwaka 2007, unafika Engaruka.

Mvua ya hapa ni haba. Utasema, nani atalima? Kumbe chini ya ukuta ule kuna mashamba ya kale yapatayo kilometa za mraba 20, yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe kama majaruba ya mpunga. Yalilimwa tangu karne ya 15 mpaka ya 18. Zao kubwa lilikuwa mtama. Juu ya mashamba, kwenye mteremko, ndiko vilikokuwa vijiji. Nyumba zilijengwa juu ya vituta vilivyokingwa kwa mawe.

Maji yalitoka kwenye mito inayoshuka ukutani. Watu waliyachepusha kwa mifereji mpaka kwenye kila kitalu. Lakini lililotushangaza zaidi ni udongo. Wachunguzi wamegundua kwamba sehemu nyingine watu hao walipanga mawe kuzuia maji ya mto yenye tope. Tope likatua, wakaongeza mawe, likatua tena. Yaani shamba lenyewe walilitengeneza! Hiyo si kazi ya mtu mmoja wala ya mwaka mmoja.

Mwaka 1935 mtaalamu Louis Leakey alikisia kuwa waliishi hapo watu 30,000 au zaidi. Waliomfuata wanaona alizidisha mno. Walikuwa maelfu machache tu. Kwa nini waliondoka? Wengine husema maji ya mito yalipungua, na kweli baadhi ya mito hiyo leo hukauka. Wengine husema udongo ulichoka, au wafugaji waliingia. Sisi tunaona sababu ya maji ina nguvu, maana bila mfereji hapa hakuna mtama.

Watu hao hawakuacha maandishi. Habari zao zimo katika mawe hayo. Na hapa ndipo penye shida. Mto Engaruka bado unatiririka, na wakazi wa leo wanamwagilia mahindi na maharage kwa maji yake. Mashamba yanapanuka, mawe ya kale yanasogezwa. Hatuwalaumu, watoto lazima wale. Ila jiwe likishahamishwa, hakuna atakayejua tena mfereji ulipita wapi, wala nani alipata maji kabla ya nani. Basi ndugu, kama unafungua shamba huko ukakuta mawe yamepangwa mstari, usiyang'oe kwanza. Nenda kamwambie mwenyekiti wa kijiji, apeleke habari kwa wahusika wa mambo ya kale waje wapime na kuchora.