Waifai Imededi Kagugu, na Leo ni Umuganda

Saa kumi na mbili asubuhi hapa Kagugu, Kigali, ni saa moja Nairobi. Hiyo lisaa limoja hunikulanga kila wiki, juu klayenti wangu wa Kanairo akidai kitu saa sita mchana, huku kwangu inakuwa saa tano. Na Jumosi hiyo nilikuwa na klipu ya nganya ya Rongai, dakika nne, giga 2 hivi, imeiva kabisa. Ilibaki tu kuituma. Usiku nikienda kulala lapi ikaniuliza ka inaweza kujiapdeti. Nikabonyeza ndio vile mtu huitikia salamu ya mlinzi, bila hata kuinua macho.

Asubuhi nawasha, kila kitu iko. Picha ya skrini iko, mafaili ziko, klipu iko. Ile alama ya waifai ndio haiko. Si eti iko na kaeksi kekundu. Haiko, ka jino imeng'olewa.

Na siku yenyewe, manze, ni Jumosi ya mwisho ya mwezi. Ka hujawahi ishi Kigali, wacha nikushow: kutoka saa mbili hadi saa tano ni umuganda, nchi nzima inatoka kupiga kazi ya mtaa. Maduka zimefungwa, abamotari wa bodaboda wamepaki, barabara ya kushuka town iko kimya mpaka unaskia jogoo wa mlima ule mwingine. Huwezi dandia moto ukatafute fundi. Huwezi ingia kahawa uagize chai moja ukae na waifai yao masaa matatu, vile mimi hufanyanga bila aibu.

Kitu ya kwanza msee wa keja ya kupanga hufanya ni kulaumu rauta ya landlord. Nikaenda mbio kwa mama mwenye nyumba.

"Mwaramutse, Mama. Waifai imezima?"

Nyuma yake watoto wawili wako kwa kochi wanacheki katuni za YouTube, picha imenyooka, haikwami hata sekunde.

"Interineti irakora," akasema. Intaneti inafanya. Halafu akaangalia nguo zangu za kulala, akaingia ndani, akarudi na umuhoro, ile panga ya kupinda, akanipea. Umuganda haijui dedlaini.

Hivyo ndio nilijipata kwa mtaro, nakata nyasi, kichwa yote iko Nairobi. Kando yangu ni jirani wa mlango wa tatu, kijana wa Goma, anasoma mambo ya kompyuta. Tulikuwa tumepeana salamu tu siku zote. Rwanda ilifanya Kiswahili lugha rasmi 2017, lakini hakuna mahali waliandika ni Kiswahili gani, so yake ni ya Goma, yangu ni ya Eastlando, na katikati yetu kunakuanga na pengo.

"Kaka, mbona sura iko vile?"

"Buda, lapi imenichapa. Apdeti imemeza waifai."

"Imemeza nini?"

Nikarudia polepole, bila Sheng. Macho ikamwaka.

"Aaa, rezo! Rezo imekufa. Simu yako iko naishika?"

"Inashika fiti."

"Basi rauta haina kosa. Mashini yako, iko naona majina ya rezo za majirani, ama haioni hata moja?"

"Hata moja. Hata kale kaalama hakako."

Akasimama akafuta jasho, na hapo ndio nilijua huyu msee ni moto. Juu hilo swali moja linakata shida nusu, na mimi nilikuwa nimepoteza lisaa limoja narestati tu. Ka lapi inaona majina lakini inakataa kuingia, shida iko kwa paswadi ama kwa vile imehifadhi hiyo waifai. Unaiambia isahau, unaingia upya. Ka imeingia lakini kurasa hazifunguki, unacheki anwani na DNS. Lakini ka haioni jina hata moja, na simu iliyo kando yake inaona kumi, hiyo ni shida ya chini zaidi. Ni kadi yenyewe, ama ni yule anabonga na kadi.

Yule anabonga na kadi anaitwa draiva. Jirani alinielezea tukikata nyasi, na sijawahi skia mtu akieleza poa hivyo. Kerneli, ile roho ya Linux, na lapi yangu ni ya Linux, ni bosi. Kadi ya waifai ni mfanyakazi, lakini hawajui lugha ya mwenzake. Draiva ni mkalimani wao. Kwa Linux wakalimani wengi wameajiriwa ndani ya nyumba: wanakuja pamoja na kerneli, bosi akibadilika nao wako. Lakini kuna kampuni za chipu zinaficha code yao, so mkalimani wa kadi zao anaishi nje ya geti. Kila bosi mpya akiingia, huyo wa nje lazima aundwe upya kulingana na bosi. Kuna programu inafanya hiyo kazi polepole huko nyuma, inaitwa DKMS, na inahitaji vipande vinaitwa heda, za kerneli hiyo hiyo mpya. Heda zikikosa, mkalimani haundwi. Bosi anakaa ofisini, mfanyakazi anakaa nje, wote wazima, hakuna mtu anabonga na mwenzake.

Nikamwangalia. Hiyo ni mimi na mama mwenye nyumba kabisa.

Nikiwa bado mtaroni nikatumia klayenti meseji, naomba lisaa limoja zaidi. Akajibu: "Lisaa ya Kigali ama ya Nairobi?" Sijui nilitarajia nini.

Saa tano juu ya alama tukaachiliwa, tukatoka nduki hadi kejani. Jirani hakugusa kiboodi kwanza. Aliomba kebo ya simu. Unachomeka simu kwa lapi, unaingia seti za simu, unawasha ile ya kushare intaneti kwa kebo ya USB, na lapi inaona simu ka rezo ya waya. Haihitaji kadi ya waifai hata kidogo. Mimi miaka yote nimekuwa nikishare kwa hotspoti na sikuwahi fikiria hiyo kebo ya kuchaji ni mlango. Na huku simu inabeba vizuri: 4G iliingia Rwanda 2014 kupitia kampuni moja ya jumla, KTRN, na 2023 ndio kampuni za simu zikaruhusiwa kujijengea yao. Shida ilikuwa bandoli, juu simu yangu ikishare hivyo hutumia data ya laini tu, si waifai. Nilikuwa na MB 400 na klipu ni giga 2. Fanya hesabu. Duka la kununua ingine lilikuwa bado halijafungua, na MoMo yangu, tusiongee.

Akafungua teminali. Ya kwanza, rfkill list. Hiyo inauliza ka kuna mtu amezima redio, kwa programu ama kwa swichi. Usicheke; kuna lapi nyingi ziko na kitufe cha ndege huko juu kwa kiboodi, mtu anakigusa akipanguza vumbi, anaenda kuuza mashine ati imekufa. Yangu ikajibu hapana mara mbili. Ya pili, lspci -nnk, inaorodhesha vitu zimekaa ndani ya mashine na draiva ya kila moja. Kadi yangu ilikuwa hapo, na jina lake kamili. Chini ya zile zingine kuna mstari wa Kernel driver in use. Chini ya yangu, patupu. Ya tatu, uname -r: kerneli ni mpya, ya jana usiku.

"Unaona? Kadi haijakufa. Njo mkalimani hayuko."

Halafu akafanya kitu rahisi mpaka nikaskia vibaya. Alirestati, akabonyeza Esc (zingine ni kushikilia Shift), menyu ikatoka, akaingia kwa zile chaguo za ziada, na hapo chini alikuwa amekaa bosi wa zamani. Linux ka yangu haifukuzi kerneli ya zamani siku hiyo hiyo. Inamweka kwa kona, just in case. Na mkalimani wake bado alikuwa naye. Tukamchagua. Lapi ikaamka, na hako kaalama kakarudi ka kameenda tu kununua maziwa.

Klipu ilifika Nairobi saa saba kasoro dakika kumi, saa zao. Klayenti akatuma kidole gumba. Kidole kimoja, baada ya hiyo presha yote.

Mimi nilikuwa nimemaliza. Nilidai tuishie tukasake kitu ya kutafuna, nikae na kerneli ya zamani milele. Jirani akakataa: siku moja mfumo utasafisha zile za zamani, nawe utabaki na bosi mpya bila mkalimani, na siku hiyo sitakuwa hapa. Nikaona ana pointi. Akauliza, "Heda zilienda wapi? Haziondokagi zenyewe." Akaandika history.

Wasee, hiyo komandi ni karao. Inakumbuka kila kitu umewahi andika. Akapandisha juu, juu, akasimama. Mstari mmoja, wa wiki kadhaa zilizopita, na mkono wangu mwenyewe: nilikuwa nimeondoa heda, na ile pakeji inazileta kila kerneli mpya ikija, juu diski ilikuwa imejaa video za nganya na nilikuwa nimesoma mahali ati hizo ni takataka. Niliokoa nafasi ndogo sana, haitoshi hata nusu ya klipu. So apdeti haikuwa imemeza kitu. Mimi ndio nilimfuta mkalimani kazi.

Jirani alicheka hadi akakaa sakafuni.

Kurudisha ilichukua dakika kumi hivi. Heda zikawekwa, sudo dkms autoinstall -k na namba ya kerneli mpya, mistari ikatembea kwa skrini, tukarestati kwa kerneli mpya, na waifai iko. Akanishow ka ingeundwa na bado ikatae, tungecheki Secure Boot, juu ikiwa imewashwa hukataa draiva haina sahihi inayotambulika, hata ka ni nzima.

Mbogi ya Windows, msinicheke. Desemba 2023 Microsoft wenyewe walikubali ati apdeti za Windows 11 za mwezi huo zilikuwa zinavuruga waifai, sana sana kwa kampasi na maofisi, zile rezo kila mtu anaingia na jina lake na paswadi yake. Nyumbani wengi hawakuskia kitu. Walirudisha nyuma hako kasehemu kabaya kabla mwezi uishe. Kwenu dawa zinafanana na zetu. Zima kabisa, juu ile kuzima ya kawaida huwa ni usingizi nusu. Shikilia Shift ukibonyeza kuzima. Ingia Device Manager, tafuta kadi, rudisha draiva ya zamani ka hicho kitufe kinabonyezeka. Ka hakibonyezeki, toa hiyo apdeti ungoje ingine. Kurisetisha rezo yote iwe ya mwisho, juu inafuta paswadi zote ulizohifadhi, na najua hakuna msee anakumbuka ya kwa shosho yake.

Kitu naomba tu ni usikubali kufomati kwa haraka. Kila mji nimeishi kuna fundi, ukimwambia waifai, anasema fomati; ukimwambia kiboodi, anasema fomati. Juu kufomati ni rahisi kwake, na mafaili ni yako, si yake. Na kwa kesi ka yangu ingefanya kazi, ndio, ka vile kubomoa keja hutoa mende.

Jirani alikuwa amebeba flashi mfukoni, ameweka Ubuntu ndani, in case kerneli ya zamani pia igome. Unawasha lapi kutoka kwa hiyo flashi bila kuinstoli kitu. Waifai ikishika hapo, unajua kadi ni nzima. Nikamuuliza Wanyarwanda huskia aje hilo jina. Akasema kwa Kinyarwanda ubuntu ni ukarimu, na ku buntu ni bure kabisa, so kwao Ubuntu bila malipo ni ka kusema maji yenye majimaji. Ilitoka 2004, chini ya Mark Shuttleworth wa Sauz, na kwa miaka kadhaa walikuwa wanatuma sidii hadi mlangoni kwako, dunia yote, hulipi hata stempu. Yeye alikuwa dogo, lakini buda yake Goma alikuwa nayo moja. Walikuwa wanaitumia kufukuza ndege kwa shamba.

"Sasa nikulipe aje?" nikamuuliza. Tulikuwa tumekaa kwa duka la maziwa, ikivuguto baridi kwa glasi kubwa, na mandazi.

"Ku buntu. Lakini hii Sheng yako, nipe maneno kumi."

Nikampea. Keja, ubao, ganji, rada, kudedi, kuhepa, mathe, wera, luku, ngori. Akaandika zote kwa simu, na maana yake kando, ka mtu anasomea mtihani.

Jumatatu asubuhi naskia mlango wa mama mwenye nyumba ukigongwa. Sauti ni ya jirani, ameinua kifua: "Mathe, rada? Rent bado, niko na ngori ya ganji!"

Kimya. Halafu mama mwenye nyumba akaniita kwa dirisha langu.

"Ngo iki?"

Amesema nini. Nikavaa patipati nikatoka kumtafsiria.